Namna ya Kuchagua Hema la Familia Litakalohimili Joto na Chumvi ya Dar es Salaam

Hema langu la kwanza halikuraruliwa na upepo wala halikukanyagwa na tembo, lilifia stoo. Nililinunua Kariakoo, tukalala ndani yake siku tatu kwa jumla, mbili Kigamboni na moja Mikumi, kisha nikalikunja, nikalishindilia katika mfuko wake na kuliweka juu ya kabati, katika chumba chenye paa la bati lisilo na dari. Masika mawili yalipopita nililifungua, nikakuta kitambaa kimegandana kama peremende iliyosahauliwa mfukoni, kinatoa harufu ya matapishi ya mtoto mchanga, na upande wa ndani ule utando unaozuia maji unabanduka vipande vyembamba kama ngozi iliyobabuka kwa jua. Nguzo zilikuwa nzima na zipu ilikuwa ikiteleza vizuri kama siku ya kwanza. Hema ndilo lililokuwa limekwisha.

Tangu hapo nimejifunza kwamba anayenunua hema akiwa Dar es Salaam hana budi kuuliza maswali tofauti na yale anayouliza mtu wa Ulaya. Mtu wa Ulaya huogopa baridi, theluji na mvua ya siku tano mfululizo. Sisi tunaogopa joto la mwaka mzima, unyevu wa pwani, chumvi inayopeperushwa na upepo wa bahari, na jua linalopita karibu na utosi. Vitu hivyo vinne havichakazi hema lote kwa pamoja, bali huanza na sehemu iliyo dhaifu, nayo sehemu hiyo ikishakwenda, uzima wa sehemu nyingine haukusaidii chochote. Kazi ya mnunuzi ni kuitafuta sehemu itakayokufa kwanza na kuikagua hiyo, kabla ya kuvutiwa na rangi, idadi ya madirisha au picha ya familia inayocheka iliyochapishwa kwenye boksi.

Hatua ya kwanza: Amua mtalala wapi na msimu gani

Kabla ya kwenda dukani, kaa na mwenzako mwandike sehemu tatu au nne ambazo kwa hakika mtakwenda katika miaka miwili ijayo. Nasisitiza neno hilo, kwa kuwa wengi wetu tunanunua hema la kupandia Kilimanjaro ilhali safari zetu zote zinaishia ng'ambo ya pili ya kivuko. Familia ya Dar kwa kawaida huzungukia sehemu za aina tatu. Ya kwanza ni pwani, yaani Kigamboni, Bagamoyo na fukwe zilizo karibu, ambako ardhi ni mchanga, upepo hautulii na kila kitu hupata chumvi. Ya pili ni hifadhini: Mikumi, iliyo karibu kilomita 300 kwa barabara ya Morogoro, au Saadani, hifadhi ya taifa iliyo kaskazini ya Bagamoyo na inayopakana na Bahari ya Hindi, ambako utakutana na vumbi na miiba na, mvua ikinyesha, udongo mweusi unaonata miguuni. Ya tatu ni milimani, kama vile Lushoto, mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako mwezi wa Julai mtu wa Dar hugundua kwamba hajawahi kununua sweta.

Suala la msimu huamuliwa zaidi na kalenda ya shule kuliko matakwa ya wazazi. Likizo ya Juni huangukia katika kusi, wakati ambapo masika yamekwisha, anga ni kavu na upepo wa pwani una nguvu. Likizo ya Desemba huja mwishoni mwa vuli, joto likiwa limepanda na mvua ya ghafla ikiwa bado haijaaga. Kwa hiyo hema la familia ya Dar halina haja ya kuhimili theluji, lakini ni lazima lihimili upepo wa Juni na jasho la Desemba, na haya mawili, kama tutakavyoona, huvutana.

Hatua ya pili: Hesabu magodoro, usihesabu vichwa

Lebo ikisema hema ni la watu 4, maana yake ni kwamba watu 4 wanaweza kulala humo wakiwa wamepangana kama abiria wa daladala ya jioni, bila begi, bila ndala na bila mtu kugeuka. Watengenezaji wengi huhesabu upana wa takriban sentimita 60 kwa kila mlalaji, wakati godoro la futi mbili na nusu, ambalo ni jembamba kabisa, lina sentimita 76. Kanuni ninayoifuata ni kuhesabu walalaji na kuongeza wawili: familia ya watu 4 itafute hema la watu 6, na familia ya watu 6 itafute la watu 8. Nenda dukani na tepu ya fundi cherehani na upime sakafu mwenyewe, kwa sababu vipimo vya kwenye boksi wakati mwingine hujumuisha na baraza ya mbele.

Urefu wa kwenda juu nao si anasa. Hema ambalo mtu mzima anasimama wima ndani yake, yaani lenye sentimita 190 au zaidi katikati, humwezesha mama kujifunga khanga na baba kuvaa suruali bila kupigana na kitambaa. Ikiwa bibi wa watoto au mama mkwe huenda mkafuatana naye, hema la kuingilia kwa magoti liondoeni kabisa katika orodha. Vivyo hivyo, wenye watoto wa kiume na wa kike waliokwisha kukua wanahitaji pazia la ndani la kugawa vyumba, nalo likaguliwe kama linafika chini au linaning'inia nusu.

Kuna njia nyingine ambayo wauzaji hawaipendekezi sana, nayo ni kununua mahema mawili ya kati badala ya moja kubwa. Mahema mawili ya watu 4 husimama vizuri zaidi katika upepo, huingia katika buti ya gari dogo kwa urahisi, na moja likiharibika bado mna pa kulala. Mwenye watoto wadogo wanaoamka usiku na kulia hatafurahia mpango huu, lakini mwenye vijana wa sekondari ataufurahia sana, na vijana wenyewe zaidi. Ama kuhusu buti, ipime kabla ya kutoka nyumbani: mzigo wa hema kubwa lenye nguzo za chuma unaweza kuzidi urefu wa sentimita 120, na katika gari la aina ya IST mzigo wa namna hiyo haulali mpaka kiti cha nyuma kikunjwe, na kiti kikikunjwa hakuna pa kukaa watoto.

Hatua ya tatu: Soma kitambaa

Hapa ndipo pesa inapotumika au inapopotea, na ndipo ninapomwomba msomaji avumilie maelezo marefu.

Vitambaa vya mahema ya familia ni vya jamaa tatu: poliesta, nailoni na turubai la pamba, ambalo siku hizi mara nyingi huchanganywa na poliesta. Nailoni ni nyepesi na ina nguvu, lakini huvutika inapolowa na jua huidhoofisha haraka kuliko linavyoidhoofisha poliesta, hivyo kwa matumizi yetu ningeiacha kwa wanaobeba hema mgongoni. Poliesta haivutiki sana, haina bei ya kutisha, na ndiyo inayouzwa kwa wingi. Turubai la pamba ni kitu kingine kabisa: nyuzi zake huvimba zikilowa na kuziba matundu yenyewe, hupumua, halipigi kelele katika upepo, hustahimili jua kwa miaka mingi, na likichanika mafundi wanaoshona maturubai ya malori hapa mjini wanaweza kulitengeneza. Ubaya wake ni uzito, kwani hema la familia la turubai huweza kufika kilo 25 hadi 40, na kwamba likikunjwa bichi katika unyevu wa Dar huota ukungu mweusi kabla hujamaliza kufua nguo za safari. Nawashauri wenye pikapu na stoo kavu walinunue bila wasiwasi. Wengine wote tubaki na poliesta nzuri.

Poliesta nzuri hujulikana kwa namba tatu. Namba yenye herufi D hueleza unene wa uzi: ni uzito, kwa gramu, wa mita 9,000 za uzi huo. Hema jepesi huwa na 68D au 75D. Kwa hema la familia litakalovutwa na watoto na kusuguliwa na mchanga, tafuta 150D au zaidi kwa kifuniko cha juu. Namba yenye herufi T huhesabu nyuzi zilizopishana katika inchi moja ya mraba, kama vile 190T au 210T, na kadiri inavyopanda ndivyo ufumaji unavyokaza. Namba ya tatu, ile ya milimita, ndiyo inayopigiwa debe zaidi: hueleza urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuibeba kabla hakijaanza kuvuja. Kifuniko cha juu chenye milimita 2,000 kitakutosha kwa manyunyu ya Juni, na chenye 3,000 kitakutosha kwa mvua ya Desemba. Sakafu inahitaji zaidi, milimita 5,000 au kupita, kwa sababu goti la mtu mzima likikandamiza sakafu juu ya ardhi iliyolowa huyasukuma maji kwa nguvu kuliko tone linalotoka angani.

Lakini namba hizo zote hupimwa kitambaa kikiwa kipya, na kilichoua hema langu hakimo ndani ya namba hizo. Maji huzuiwa na utando mwembamba uliopakwa upande wa ndani wa kitambaa, na katika mahema mengi ya poliesta utando huo ni wa poliyurethani. Poliyurethani huvunjwavunjwa polepole na unyevu, na joto huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana hema linaloishi miaka mingi katika ghala baridi la Ulaya huweza kufa mapema zaidi katika stoo yenye paa la bati Tabata au Mbagala. Zipo poliyurethani za aina mbili, ya esta na ya etha, na ya etha hustahimili unyevu kwa muda mrefu zaidi, ingawa lebo za mahema ya bei ya kawaida huwa kimya kuhusu jambo hili. Utando wa silikoni hauharibiwi na unyevu kwa namna hiyo, ila utepe wa kawaida wa mishono haushiki juu yake, kwa hiyo mishono yake hupakwa gundi maalumu ya silikoni. Sakafu ya polithini iliyofumwa, ile inayofanana na kiroba cha mchele lakini imepakwa plastiki pande zote, haina tatizo hili kabisa. Inakunjika kwa shida na inapiga kelele, lakini kwa pwani yetu mimi naipenda kuliko sakafu laini.

Kwa kuwa lebo haisemi, tumia vidole. Kigeuze kitambaa upande wa ndani, kikunje mara mbili utando ukutane na utando, ukibinye kwa nguvu kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini, kisha kiachanishe taratibu. Utando mzima huachana bila sauti. Uliokwisha kuanza kuharibika hunata kidogo na kutoa mlio kama wa plasta inayobanduliwa. Usione haya kukinusa. Hema linaweza kuwa jipya dukani na bado likawa limekaa miaka ndani ya kontena na maghala yenye joto kabla halijakufikia.

Hatua ya nne: Kagua mishono na zipu

Kila sindano iliyopita katika kitambaa imeacha tundu, na hema la familia lina matundu ya namna hiyo kwa maelfu. Simama ndani ya hema, au ingiza kichwa tu kama dukani hapatoshi, uangalie mishono dhidi ya mwanga. Utaona utepe mwangavu uliobandikwa kwa joto juu ya kila mshono wa kifuniko cha juu na sakafu. Fuata utepe huo kwa kidole mpaka kwenye kona, pale mishono mitatu au minne inapokutana, kwa maana fundi wa kiwandani akichoka huchokea hapo. Utepe uliojikunja, ulioacha nafasi au unaoinuka kwa ukucha ni sababu tosha ya kuliacha hema hilo na kuomba jingine la aina hiyohiyo.

Zipu ndiyo inayoguswa zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote. Watoto wawili wanaokwenda msalani na kurudi kuchukua mpira wataifungua na kuifunga mara hamsini kwa siku. Tafuta meno ya plastiki yaliyosukwa kama chemchemi, yenye upana unaokaribia ule wa kidole kidogo kwenye mlango mkuu. Meno ya chuma huoteshwa kutu na chumvi, na zipu nyembamba ya mfukoni haifai mlangoni. Vuta mlango wote mara kumi mfululizo kwa mkono mmoja, tena kwa haraka kama afanyavyo mtoto, uone kama kitambaa kinaingia katika kichwa cha zipu. Kichwa cha zipu kikilegea fundi viatu atakibadilisha, lakini mlango ulioshonwa kwa mkunjo mbaya utauma kitambaa mpaka mwisho wa maisha yake.

Hatua ya tano: Nguzo

Faibaglasi ni rahisi na hukubali kupinda, ila jua na mikwaruzo huifanya ipasuke kwa urefu kama muwa uliotafunwa, na vibanzi vyake huingia vidoleni bila kuonekana. Kwa hema la familia, kataa nguzo za faibaglasi zilizo nyembamba kuliko milimita 9.5, milimita 11 au 12.5 ni bora. Alumini, hasa ile iliyoandikwa 7001 au 7075, ni nyepesi, ina nguvu na haioti kutu nyekundu, ingawa nayo hupenda kusuuzwa chumvi. Chuma ni kizito na imara mpaka siku rangi itakapokwaruzika kwenye maungio, na pwani siku hiyo haiko mbali. Ukikuta hema la kujazwa upepo, fahamu kwamba hewa iliyomo hutanuka jua linapopanda, hivyo kila adhuhuri itabidi mtu akumbuke kupunguza upepo kidogo. Mimi katika familia yangu namjua kila mtu, na hakuna atakayekumbuka.

Mahema yanayofunguka yenyewe kama mwavuli yamejaa madukani, na muuzaji atakufungulia moja kwa mkono mmoja mbele ya macho yako. Uzuri wake unategemea kitovu cha plastiki kilicho juu, ambapo nguzo zote hukutana. Kikivunjika hicho, hakuna fundi wa mtaani anayekiunda. Kwa mapumziko ya mchana ufukweni hema hilo linatosha, lakini si kwa kulaza familia.

Hatua ya sita: Hewa, wadudu na rangi

Usiku wa Desemba Dar joto huweza kubaki juu ya nyuzi 24 mpaka alfajiri, na watu watano hutoa mvuke mwingi kwa pumzi na jasho. Hema lenye ukuta mmoja wa plastiki litawafanya muamke mmelowa na kudhani limevuja. Chagua hema la tabaka mbili: la ndani lenye wavu mpana, hasa sehemu ya juu, na kifuniko cha mvua kinachosimama mbali nalo kwa upana wa kiganja au zaidi, ili hewa ipite katikati. Yawepo matundu ya chini na ya juu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na isipopata pa kutokea hubaki palepale. Jaribio langu ni kumwomba mtu aingie ndani, afunge kila kitu isipokuwa nyavu, nami nisimame nje nipunge kipande cha boksi. Asiposikia upepo, nalirudisha.

Wavu uwe na matundu madogo kiasi cha kuzuia usubi wa pwani na si mbu tu, na mlango wa wavu ufungike peke yake bila kulazimika kufunga mlango wa kitambaa. Watu hukumbuka mbu wa malaria wanaouma usiku na kusahau kwamba Dar imepata milipuko ya homa ya dengi, ukiwemo wa mwaka 2014 na wa 2019, na mbu wake huuma mchana, watoto wanapojipumzisha ndani. Tena, anayekwenda Saadani au Mikumi asinunue hema la buluu iliyokoza au jeusi: mbung'o huvutwa na rangi hizo, na mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi kwa makusudi. Kijani hafifu na rangi ya mchanga zinafaa, na huchelewa kupata joto.

Baraza iwe pana kiasi cha kuweka viatu na mabegi, lakini isigeuzwe jiko. Poliesta huyeyuka na kudondoka ikiwaka, na jiko la mkaa likiingizwa ndani kwa ajili ya baridi ya Lushoto hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Kwa baridi, beba mablanketi.

Hatua ya saba: Umbo, kamba na vigingi vya mchanga

Mvutano niliougusia mwanzoni uko hapa. Hema lenye kuta wima kama nyumba lina nafasi na hewa nyingi, ila kusi ikivuma ukuta wake hushika upepo kama tanga la jahazi. Hema la kuba, ambalo nguzo zake hupishana juu, husimama imara lakini hubana kandokando. Baada ya kujaribu yote mawili, pwani nachagua kuba kubwa au umbo lenye kuta zinazoinama kidogo, na namwachia mwenye safari nyingi za Mikumi na Morogoro hema la nyumba. Kwa umbo lolote, hesabu sehemu za kufungia kamba: ziwe sita au zaidi kwenye kifuniko cha juu, na kila moja iwe imeshonewa kipande cha kitambaa cha ziada, si kutobolewa tu.

Vigingi vinavyokuja na hema karibu vyote ni waya mwembamba wenye ndoano, na katika mchanga wa Kigamboni vinang'oka kwa kuvutwa na kidole. Vinunuliwe vingine virefu vyenye ubapa, sentimita 30 au zaidi. Visipopatikana, njia ya bei rahisi ni kukata viroba vitupu, kuvijaza mchanga, kufunga kamba ya hema shingoni mwa kiroba na kukizika kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Nimelala usiku mmoja wa Juni, hema la jirani yetu likibiringika kuelekea mivinjeni, letu likiwa limeshikwa na viroba vinane vya sembe. Na mradi tuko kwenye miti: kivuli cha mvinje ni kizuri, cha mnazi ni cha hatari kwa sababu zinazojulikana na kila mtoto wa pwani.

Hatua ya nane: Dukani na mtumbani

Muuzaji atakuambia, "Hili halipitishi hata tone, bosi." Usibishane naye, mwombe mkunje kona ya kifuniko iwe kama bakuli, mmimine maji ya chupa kidogo, msubiri dakika kumi mkizungumza bei, kisha upapase upande wa chini. Wengine hukubali, na anayekataa naye amekupa jibu. Dai risiti ya EFD, na mkubaliane mapema, kwa maandishi nyuma ya nakala yake, ni siku ngapi unaruhusiwa kulirudisha likivuja.

Mahema ya mtumba hupatikana kwa wauzaji wa vitu vya nje, na baadhi yana vitambaa na nguzo ambazo huzikuti katika mahema mapya ya bei hiyo. Hapo jaribio la kubinya na kunusa ndilo la kwanza, kabla hata ya kuuliza bei. La pili ni kuhesabu mifereji ya kitambaa inayopitishia nguzo na kuilinganisha na nguzo zilizomo mfukoni, kwani mahema mengi hutupwa kwa kupotelewa nguzo moja.

Hatua ya tisa: Lisimamishe nyumbani kwanza

Lisimamishe uani siku hiyohiyo au kesho yake, huku muda wa kulirudisha ukiwa bado upo. Nilipolisimamisha hema langu la pili mbele ya nyumba, mama jirani alivuka njia akiwa na khanga mabegani na kuniuliza kwa sauti ya chini nani amefariki. Nikajifunza kwamba katika mtaa wetu ni busara kuwaarifu majirani kwanza. Siku maji yanapotoka, lipige kwa mpira dakika ishirini kutokea juu, kisha ingia ndani na tochi ukague kona na mishono ya zipu. Turubai la pamba lilowanishwe hivyo na kukaushwa mara mbili kabla ya safari ya kwanza, ili nyuzi zake zivimbe na kuyaziba matundu ya sindano.

Tandika turubai la kawaida chini ya hema, lakini lifupishe kwa sentimita 5 kila upande kuliko sakafu. Likitokeza nje litakinga maji ya mvua na kuyapeleka chini ya migongo yenu.

Hatua ya mwisho: Chagua mahali litakapolala

Ningetamani mtu angeniambia hili kabla sijalipa. Mkitoka pwani, suuza hema, nguzo na zipu kwa maji baridi yasiyo na sabuni ya unga, maana sabuni kali hudhoofisha utando, kisha lianikwe kivulini mpaka likauke kwenye mikunjo. Usilirudishe katika mfuko wake wa kubana isipokuwa safarini. Lisikae stoo yenye bati, wala kwenye buti ya gari, wala sakafuni pasipo kitu chini yake, na makombo ya biskuti yakung'utwe kwanza, la sivyo panya watalitoboa wakiyafuata.

Hema letu la sasa linakaa uvunguni mwa kitanda cha wageni, juu ya kichanja kidogo cha mbao, ndani ya foronya mbili kuukuu zilizoshonwa pamoja. Kila Mei mvua zikipungua, na tena mwezi wa Novemba kabla ya likizo, nalitoa na kulitandaza barazani, nakikunja kitambaa utando kwa utando, nakibinya kati ya kidole gumba na cha shahada, nahesabu hadi thelathini, kisha nainama kukinusa.